Spoki Nane za Upande wa Cheni

Kituo cha nne cha maji,
Tarehe 1 Septemba.

Baba,

Shikamoo. Lami imeisha. Kuanzia hapa ni changarawe, baada ya changarawe ni mchanga, na baada ya mchanga Mwalimu anasema kuna mchanga mwingine. Mwalimu ndiye kiongozi wa msafara wetu wa hisani, mwalimu wa mazoezi aliyestaafu kazi lakini filimbi hakuirudisha. Tulianza watu kumi na wawili, kila mmoja anaendesha kwa ajili ya hospitali ya kwao, na sasa tumebaki tisa. Nimemaliza kilomita elfu moja na sitini. Zimebaki mia tatu na arobaini, zote jangwa.

Simu huku haishiki kabisa. Barua nampa dereva wa lori la maji, yeye anampa kondakta wa basi, na kondakta ameapa ataishusha dukani kwako. Akichelewa usimzibie pancha.

Mpe mwenye bucha salamu zangu za pekee. Mwambie bado yumo kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Si yeye aliyesimama kwa kinyozi akatangaza kwamba mwanamke wa miaka arobaini na moja, tena mziba pancha, akivuka jangwa kwa baiskeli yeye atatoa chupa nzima ya damu? Alidhani anachekesha watu. Nikaleta daftari. Wakasaini nyuma yake wengine mia na thelathini na tisa, mtu mmoja kwa kila kilomita kumi, wanacheka, nami nawashukuru mmoja mmoja. Nikivuka kwa miguu yangu na baiskeli yangu, kila mmoja anakwenda hospitali kukunja mkono wa shati. Nikipanda lori hata hatua moja, kila mtu abaki na damu yake. Ndivyo tulivyoandika, na daftari liko kwenye droo yako ya viraka. Wewe peke yako ndiye uliyekataa kusaini. Ulisema hushiriki upuuzi.

Kipusa anaendeleaje? Zamu yake ya kuongezewa damu ni tarehe 16. Mwezi uliopita alisubiri siku kumi na moja, mtoto wa miaka saba, macho ya njano, mifupa inamuuma mpaka hataki kuguswa, huku Dada anapita ofisi kwa ofisi kuomba watu wamtolee mwanawe. Friji ya damu tupu. Dada ameshatoa, shemeji ameshatoa, mimi nilitoa Juni. Selimundu haisubiri ndugu wapumzike. Mwezi huu Kipusa hatasubiri, hata siku moja, na ndiyo maana niko hapa nakula vumbi.

Gurudumu lako la nyuma linaimba, Baba. Sijaligusa hata kwa spana tangu ulipolitoa kwenye jiliwa lako la kubania vyuma. Wenzangu wananiuliza nani kalifunga, nawaambia ni mzee mmoja anayezipiga spoki kwa ukucha na kuzisikiliza moja moja, na gurudumu ambalo hajalisikiliza halitoki dukani kwake.

Mwanao,
Mkaidi.


Dukani,
Tarehe 3 Septemba.

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, inanuka dizeli. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Sikiliza sasa. Kilomita elfu moja na sitini zinatosha. Hakuna mtu katika ukoo huu aliyewahi kufika hata mia mbili kwa baiskeli, na mimi naishi nazo. Umeshaonyesha ulichotaka kuonyesha. Panda lori la maji, urudi. Baiskeli iache huko huko.

Usiulize kwa nini. Mimi ni baba yako na sijazoea kutoa sababu. Lakini kama lazima upewe, basi huu ni msimu wa upepo, redio imesema. Tena gurudumu hilo usilisifu sifu. Gurudumu ni chuma. Chuma kinachoka, na kikichoka mahali pasipo na mtu wala kivuli, sifa zako hazitakusukuma.

Mwenye bucha nilimpa salamu. Alikuwa anakata mfupa, shoka likabaki hewani. Ameanza kuuliza watu kama sindano ya kutolea damu ni nene kuliko ya chanjo. Kinyozi amemwambia ni sawa na spoki. Tangu jana mwenye bucha hajaonekana kwa kinyozi.

Kipusa yupo. Alikuja dukani na mama yake akakaa kwenye kigoda, akahesabu viraka, halafu akachoka kuhesabu. Dada yako namwona anavyomkagua vidole kama vimepauka. Najua unachotaka kuniambia hapo. Najua, na bado nasema rudi. Mtoto mmoja wa kulala hospitali ananitosha.

Nakuagiza, sikuombi.

Baba yako.


Kituo cha tano cha maji,
Tarehe 6 Septemba.

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta. Jibu ni hapana.

Nimekusikia tangu nikiwa na miaka tisa. Ulisema msichana hashiki spana, nikaishika. Ukasema atashika lakini hatofunga gurudumu, nikafunga. Mume alipoondoka ukasema duka litanishinda, na leo nusu ya wateja wako wananiuliza mimi kwanza. Kila mara unasema hapana, na kila mara mimi ndiye ninayeitwa mkaidi. Hujawahi kujiuliza nimeutoa kwa nani?

Upepo upo, hujadanganya. Jana tumekwenda kilomita kumi na nane tu, tano kati ya hizo tukisukuma. Mchanga unaingia mpaka kwenye meno, na ukitafuna mkate unajisikia unatafuna ukuta. Mmoja wetu, mkutubi, mtu mpole kweli, alikaa chini akasema haendi tena, Mwalimu akampulizia filimbi sikioni, akainuka ili apate kumfukuza. Mwingine ndiye aliyerudi na lori, tumebaki nane. Zimebaki kilomita mia mbili na thelathini.

Gurudumu lako ni zima. Sijaligusa. Ungekuwa unaamini kazi ya mkono wako ungelala usingizi.

Mkaidi.


Kituo cha tano cha maji,
Tarehe 6 Septemba.

Dada yangu,

Hii usimsomee Baba. Isome, uichane, ikiwezekana uimeze.

Siku ya pili tu ya safari gurudumu la nyuma lilianza kuyumba likawa linagusa breki. Nikasimama nyuma ya kituo cha mafuta, nikapindua baiskeli magurudumu juu, nikapiga spoki moja moja kama alivyonifundisha. Nane zilikuwa zimelegea. Nane, Dada! Zote zimefuatana, zote upande wa cheni. Kwa mtu mwingine ningesema uvivu. Lakini Baba hajawahi kutoa gurudumu bovu maisha yake yote. Nikawaza sana. Akifunga gurudumu, upande wa cheni ndio unaokaa sikio lake la kushoto, si ndivyo? Basi nikaelewa. Sikio la kushoto limekufa. Anapiga spoki, hasikii kitu, anakaza kwa kukisia, na aibu imemziba mdomo.

Nililia pale, mpaka muuza mafuta akaniletea maji akidhani nimefiwa. Halafu nikakaza zote nane, nikaendelea na safari. Tangu siku hiyo namwandikia kwamba sijagusa kitu. Nitamwambiaje? Mtu aliyejenga jina kwa masikio yake, mwanawe amwambie kwa karatasi kwamba masikio yamekwisha?

Mpeleke kwa daktari wa masikio. Mdanganye chochote, mwambie ni bure kwa wazee. Na hii barua yake ya "rudi, rudi" nadhani ni hiyo hiyo, anaogopa gurudumu alilolifunga bila kulisikia. Maskini baba yangu.

Mwambie Kipusa Mama Mdogo anakuja na hadithi ya mchanga.

Mdogo wako.


Dukani,
Tarehe 6 Septemba.

Kwa Mwalimu, kiongozi wa msafara,

Hatujuani. Mimi ni baba wa mwendeshaji wako namba saba. Binti yangu nilimwandikia tarehe 3 kwamba arudi, na namjua, hatarudi. Kwa hiyo nakuandikia wewe, jambo ambalo sijamwambia mtu.

Gurudumu lake la nyuma ni bovu. Nimelitia ubovu mimi, kwa mkono wangu na kwa kusudi. Nililegeza spoki nane za upande wa cheni, zinazofuatana. Nilimpimia kilomita mia moja. Kwenye kilomita ya mia pana mji wenye stesheni na mabasi mawili ya kurudi kwa siku. Nilitaka gurudumu limfie hapo, penye watu na kivuli, apande basi na hasira zake, aje anitukane nyumbani. Matusi yake nayaweza. Mama yao nilimzika, mjukuu wangu naishi naye kwa kuhesabu siku, na huyu mmoja akataka kwenda kujianika jangwani. Nilikosa njia nyingine ya kumshika.

Gurudumu halikufa. Kwa nini, sijui. Labda mkono ulikataa kunitii ukakaza zaidi ya nilivyoutuma. Limemfikisha mbali kuliko ninavyoweza kumfuata, na kila barua ananiandikia kwamba linaimba na hajaligusa. Kila nikisoma neno hilo nasukuma sahani pembeni. Likimfia huko atakaa juu ya mchanga, na mimi ndiye nitakuwa nimemkalisha.

Mtoe kwenye baiskeli. Mpandishe lori, hata kwa nguvu. Akiuliza, mwambie ni mimi.

Fundi baiskeli.


Dukani,
Tarehe 9 Septemba.

Mwanangu,

Natamani hii ikufikie kabla ya ile nyingine! Lakini mimi naandika tu, na lori haliendi ninavyotaka.

Jana dada yako alinipeleka kwa mtaalamu wa masikio, akinidanganya ni bure kwa wazee. Nilivalishwa vitu vya kichwani nikaambiwa ninyooshe kidole kila nikisikia mlio. Nilinyoosha mpaka kidole kikachoka. Mtaalamu akasema kwa umri wangu hajaona masikio ya namna hii, akanipa mkono. Nikatoka nimevimba kifua. Dada yako badala ya kufurahi akaanza kulia. Nikambana, akasema yote. Nyuma ya kituo cha mafuta. Siku ya pili.

Kwa hiyo ulizikaza, na ukanificha ili usinivunje moyo.

Mwanangu, masikio yangu ni mazima. Yalikuwa mazima siku ile. Nilizisikia zote nane zikilia vibaya nikaziacha.

Kuna barua nimemtumia Mwalimu wako. Kama haijafika, mwambie aichome bila kuisoma. Kama imefika, mwambie gurudumu ni zima, alilifunga fundi aliye bora kuliko mimi.

Baba yako.


Kituo cha sita cha maji,
Tarehe 9 Septemba.

Baba,

Leo shikamoo iko mfukoni, nitaitoa nikitulia.

Mwalimu amenisomea barua yako mbele ya hema la jiko, sufuria zinachemka, wenzangu saba wamekaa wanasikiliza. Kilomita mia! Ulinipimia kilomita mia, na hukuniongezea hata kumi za heshima.

Unajua kinachoniuma? Si spoki. Spoki nimezikaza kwa dakika arobaini. Kinachoniuma ni kwamba nilikulilia. Nimebeba sikio lako la kushoto zaidi ya kilomita elfu moja. Kila mlima nilisema, pole Baba. Kila barua nilikudanganya ili usijue kwamba nimejua. Na wewe ulikuwa umekaa dukani na masikio yako yote mawili! Bora yangekuwa yamekufa kweli. Hapana, nafuta hilo. Silifuti. Sijui. Liache lilivyo.

Baada ya kusoma, nilipindua baiskeli nikamwambia Mwalimu apige spoki mwenyewe, zote thelathini na sita. Akapiga. Akasema zinalia sawa. Kisha akasema kanuni ni kanuni: baiskeli iliyoripotiwa mbovu na aliyeitengeneza haitembei mpaka fundi wa msafara aikague, na fundi wa msafara ameondoka na lori, atarudi baada ya siku tatu. Msafara unatoka kesho. Mimi nisubiri lori, nipande.

Nikamwambia nikipanda lori watu mia na arobaini watasherehekea, na mtoto mmoja atasubiri. Akasema anaelewa, lakini kanuni. Nikamwuliza nani aliyeandika jina langu kwenye orodha. Akasema ni yeye. Nikamwambia, "Basi ulifute wewe, kanuni yako haimfungi asiyemo kwenye orodha, na mimi nina baiskeli ya kupakia."

Alilifuta kwa kalamu nyekundu. Halafu akaniuliza nina chupa ngapi za maji. Nikasema sita. Akanisogezea nyingine nne. "Jina naweza kulifuta," akasema, "maji siwezi."

Kwa hiyo kesho wao wanatoka saa kumi na moja alfajiri, na mimi saa kumi na mbili, peke yangu, nafuata alama za matairi yao. Zimebaki kilomita mia na ishirini. Mwandikie unayetaka. Mwandikie na upepo.

Mkaidi, jina ulilonipa mwenyewe.


Mwisho wa safari, hosteli ya shule,
Tarehe 13 Septemba.

Kwa Fundi baiskeli,

YAH: MWENDESHAJI NAMBA SABA (ALIYEFUTWA)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukujulisha kwamba jina la binti yako halimo katika orodha ya waliomaliza safari. Orodha ina watu saba.

Napenda pia kukujulisha kwamba leo saa tisa na dakika ishirini alasiri, wakati hao saba wamelala kwenye kivuli cha ukuta wa bwalo, mwanamke asiyekuwemo kwenye orodha aliingia getini juu ya baiskeli. Hakusukuma, hakusukumwa. Alishuka bila kusaidiwa, akaomba kiti. Akakaa. Akaomba karatasi na kalamu, akaviweka mbele yangu, akasema watu wa kwao watataka ushahidi na kwamba mimi ndiye nitakayeuandika.

Nathibitisha kwamba amevuka jangwa lote kwa baiskeli yake, bila kupanda chombo kingine chochote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nathibitisha kama mtu binafsi. Kama kiongozi bado natafakari.

Goti lake la kulia limevimba. Atapumzika hapa siku kadhaa. Nilimwuliza kama ana neno la kukuambia, akasema hana.

Wako,
Mwalimu mstaafu.


Dukani,
Tarehe 18 Septemba.

Mwanangu,

Nikikupigia simu unakata. Najua sasa unashika mtandao, kwa sababu dada yako unampokea. Basi naandika, karatasi huwezi kuikata.

Barua ya Mwalimu ilifika tarehe 15 asubuhi. Kabla ya saa nne mwenye bucha alikuwa ameshasikia kwamba umefutwa, na kabla ya saa sita mji mzima ulikuwa na mawakili. "Hayumo kwenye orodha, kwa hiyo hajavuka rasmi." Kinyozi anasema hivyo. Fundi cherehani anasema hivyo. Mwalimu mkuu wa shule, mtu msomi, anasema tusubiri ufafanuzi.

Nilifungua droo nikatoa daftari. Nimesoma ukurasa wa kwanza mara tatu. Hakuna penye neno orodha wala rasmi. Imeandikwa "akivuka". Nikabandika barua ya Mwalimu mlangoni, na chini yake nikapiga chata kwa rangi ya kupakia fremu: ALIYESAINI AJE NA PLASTA MKONONI. ASIYE NA PLASTA ASUKUME BAISKELI YAKE. Nikafunga duka nikakaa nje na kigoda.

Walidhani nafanya mzaha. Mchana ule walisukuma. Mhunzi alikuja na pancha mbili, nikamtazama mkono, nikaendelea kunywa chai yangu. Baiskeli ya mwenye bucha, ile ya kupelekea nyama, ilikuwa imeshakuja kutengenezwa. Nikaitoa cheni nikaitia mfukoni. Alibeba nyama begani mchana kutwa, watu wanamchekea. Jioni hiyo hiyo alikuja kunipigia kelele kwamba mimi mwenyewe nilikuita mpuuzi mbele ya watu. Nikamwambia ndiyo, nilimwita, na nilikosea, na sasa twende. Nikamshika kiwiko nikampeleka hospitali mimi mwenyewe. Alizimia kabla sindano haijamgusa. Wakamwamsha, akatoa, akatembea na plasta yake mjini kote, mkono wa shati umekunjwa, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Baada ya hapo wakaja kwa makundi. Mpaka jana themanini na watatu. Muuguzi amesema friji imejaa, damu haikai milele, kwa hiyo waliobaki wamepangiwa zamu mpaka Novemba, na anazo saini zao.

Kipusa amepata yake tarehe 16, siku yenyewe, saa tatu asubuhi. Hakusubiri hata dakika moja. Leo amenivunjia kigoda kwa kukirukia.

Sasa lile ambalo nimelizunguka. Mtu wa kwanza kufika hospitali tarehe 15 nilikuwa mimi, kabla sijabandika chochote. Muuguzi akaniuliza umri nikasema sitini. Akaomba kadi, akasoma sabini na mbili. Akasema, "Mzee wangu, yako kaa nayo." Nikabishana naye mpaka wakaja watu wawili kunitoa kwa upole. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mbele ya wapita njia, na sioni aibu kukuandikia. Kwa safari yako nilikuwa na kitu kimoja cha kukupa, gurudumu, nikalitia ubovu. Nikatafuta cha pili, wakakikataa.

Nilikuogopea. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka pia urudi umeshindwa, ili nibaki mimi ndiye ninayejua. Hilo ndilo baya zaidi na nimelisema.

Mwanangu, naomba unisamehe. Sikuagizi.

Baba yako.


Hosteli ya shule,
Tarehe 22 Septemba.

Baba,

Shikamoo. Nimeitoa mfukoni.

Barua yako nimewasomea wenzangu, sehemu ya mwenye bucha mara mbili. Mkutubi alicheka mpaka akaomba tuiweke maktaba kwao. Sehemu ya benchi sikuwasomea.

Mwalimu amekuja jana na cheti, na ile orodha, jina langu limeandikwa upya kwa kalamu juu ya mahali palipofutwa. Akaomba radhi. Nilimsamehe hapo hapo, ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Yeye ni mtu wa kanuni zake, hajanizaa. Wewe utanichukua muda mrefu zaidi. Nimejaribu kukusamehe kwa barua, hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Kwa simu ndiyo kabisa, ningesikia sauti yako ningejifanya yamekwisha, na hayajakwisha.

Goti limepona. Msafara umelipia wote tiketi za basi la kesho. Yangu nimempa mkutubi awekee mizigo yake. Mimi narudi kwa baiskeli, njia ile ile, jangwa lile lile. Mwalimu amepiga kelele sana, halafu akapanga lori la maji lipite kila siku kuniangalia. Lipite. Sitalishika hata ubavu.

Usimwandikie mtu yeyote anizuie. Hakuna mtu mjini kwetu wala huku anayeweza, nadhani hata wewe umeshaliona hilo. Gurudumu nimelifungua lote nikalifunga upya mwenyewe, spoki thelathini na sita, nimezisikiliza kwa masikio yangu.

Hasira niliyo nayo inatosha kilomita elfu moja na mia nne, nimeipima vizuri. Itakaponiishia nitakuwa mlangoni kwako.

Mwanao,
Mkaidi.